Kindamba Hakimo Kwenye Orodha

Jumatatu, 14 Machi 1955
Waya umekatika tena upande wa Kidatu. Asubuhi nzima nagonga mashine, kimya. Mvua. Laini ilirudi saa nane, nikapeleka simu zote za maandishi zilizolala tangu Jumamosi. Mkono unauma. Mwaka wa nne huu niko Ifakara, karani wa simu peke yangu, na bado naitwa mgeni kutoka Tukuyu.

Jumatano, 16 Machi
Mama Apolonia alikuja dirishani, tope hadi magotini. Mumewe, Mzee Kasiani, yu mahututi. Mama anataka kumwita mwanawe Damiani aliye kwenye migodi ya shaba, Rodesia ya Kaskazini. Anataka simu iandikwe kwa Kindamba, lugha ya nyumbani kwao, ajue ni mama anayesema. Ya Kiswahili Damiani hataiamini: mwaka juzi baba yake mdogo alimpelekea simu kwamba mama amekufa. Kijana akaacha kazi, akaja mbio, akamkuta mama anapepeta mpunga naye ameshatafutiwa mchumba. Alirudi mgodini kwa hasira.

Nilimweleza. Simu ya kwenda nchi nyingine iwe kwa lugha iliyo kwenye orodha. Kindamba hakimo. Lugha isiyokuwamo huhesabiwa maneno ya siri, na tangu vita vya kule Kenya, siri za raia hazivuki mpaka.

“Siri gani, mwanangu? Huku hata mbuzi wanaisikia.”

Nilipeleka ya Kiswahili. Nikamwandikia mkubwa wangu Dar es Salaam kuomba ruhusa ya ile ya Kindamba.

Jumamosi, 19 Machi
Jibu la Damiani: MSINIDANGANYE TENA.
Nilimsomea mama yake. Alikunja karatasi akaiweka kifuani. Nina aibu kana kwamba niliandika mimi.

Jumanne, 22 Machi
Dar wamejibu. Wao hawana kizuizi, ila nchi inayopokea ndiyo yenye kauli. Nimewauliza wa Rodesia.

Ijumaa, 25 Machi
Wa Rodesia wamejibu. Wao hupokea lugha yoyote ambayo nchi inayopeleka imeiandikisha. Nimewauliza Dar nani huandikisha. Wanasema maombi hupelekwa Nairobi, na Nairobi huyapeleka ng'ambo, na mkutano wa kuyaamua haujapangwa.

Nimechoka na watu wanaoandika vizuri.

Jumapili, 27 Machi
Baada ya misa nilikwenda kumwona Mzee Kasiani. Shikamoo yangu aliisikia, midomo ikacheza tu. Amebaki mifupa. Mama Apolonia hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Jumatatu, 28 Machi
Nimesoma kitabu cha kanuni tena, ukurasa kwa ukurasa. Maneno ya simu lazima yawe ya lugha iliyoandikishwa. Kuhusu jina la mpelekaji hakuna neno. Jina halina lugha.

Nilifunga dirisha mchana, nikaenda kwa Mama Apolonia. Nikamuuliza: kuna jina ambalo Damiani peke yake alikuita? Akalitaja. Damiani alimwita hivyo alipokuwa hajui bado kutamka. Baba mdogo wakati huo alikaa Mahenge, halijui. Nililiandika herufi kwa herufi, akanisahihisha mara mbili.

BABA MAHUTUTI NJOO. Chini yake, jina lile.

Naogopa. Nimepeleka.

Alhamisi, 31 Machi
NAKUJA. Neno moja. Nilikimbia nalo mvuani bila kofia.

Jumatano, 6 Aprili
Barua kutoka Dar. Nieleze kwa nini jina la mpelekaji si lile la kwenye fomu. Nimeeleza ukweli. Sikuomba radhi. Sijui kama ni ushujaa au uchovu.

Jumamosi, 9 Aprili
Damiani amefika juu ya lori la magunia, siku tisa njiani. Baba yake yu hai. Watu wanasema wanaongea habari za shamba tu, bonde lipi lipandwe nini.

Alhamisi, 14 Aprili
Mzee Kasiani amefariki alfajiri. Tumemzika jioni. Nilishika jembe na wengine.

Jumatatu, 18 Aprili
Onyo limefika: limeingia kwenye faili langu, na cheo nilichoahidiwa kimeondolewa. Nimetia sahihi mahali palipoonyeshwa. Mke wangu akauliza kama kuna jambo. Nikasema hakuna.

Damiani alikuja dirishani mchana, mrefu, sauti ya chini. Hakunishukuru, na mimi sikutaka. Alikuja kupeleka simu kwa msimamizi wake mgodini, kwa Kiingereza: baba amefariki, atabaki na mama mpaka mavuno. Nilihesabu maneno.

“Watakuamini?” nikamuuliza.

“Hawataamini,” akasema. “Wewe peleka.”

Nikapeleka.