Dume Linalokula Ukuta wa Trela

Corinne upo? Jibu basi, rafiki yangu! Niko chini ya trela yetu, hii nyumba ya magurudumu tunayoishi, nimelala kifudifudi kwenye barafu, na siwezi kutoka.

Sikia. Asubuhi hii bomba limeganda, hata tone hakuna. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nikavuta robota moja kati ya yale tuliyozungushia trela kuzuia upepo, nikatambaa chini ya sakafu na draya ya nywele kuyeyusha bomba.

Mara nasikia kutafuna. KUTAFUNA, Corinne! Nageuka, naona pua. Kulungu wa huku kwetu, dume refu kuliko farasi, limeziba tundu nililopitia na linakula marobota ya pembeni yake.

Ndiyo, ni nyasi. Ulisema, "Dada, weka mabua ya ngano, nyasi ni chakula." Nikakuita mshamba mbele ya watu.

Darcy kafungua mlango, kaliona, kafunga. Mume wangu wa ndoa! Ananiambia kupitia sakafu, "Baki hukohuko mpenzi, usilikasirishe." Baki hukohuko!

Halafu bomba likayeyuka. Darcy akaanza kupiga sakafu kwa visigino: "Maji yanatoka! Mke wangu fundi!" Dume likainua kichwa, likanitazama mimi. Mimi, si yeye!

Nimezima draya. Vidole vinakufa ganzi.

Wewe umekulia shambani, na leo nakuheshimu. Niambie, dume kama hili linamaliza robota kwa muda gani? Maana limebaki moja tu la kulizuia lisinifikie.