Glavu Tulizokata Ncha

Jumatatu, 10 Machi
Glavu zimekuja! Wanunuzi wa plastiki yetu wanafika Alhamisi kukagua kama tunatunzwa. Msimamizi, tunamwita Mapicha kwa sababu simu haimtoki mkononi, ametupanga mstari. Unasaini, unapigwa picha. Lakini nene, zimezidi! Sisi chupa tunazichambua kwa ncha za vidole: hii laini, hii ngumu, hii ya kutupa. Ukivaa, mkanda wa mashine unakupita na chupa zake na Mapicha anafoka. Nikashika mkasi, nikakata ncha zote. Zangu, za wifi, za meza nzima. Wakanishangilia, eti fundi!

Jumanne, 11 Machi
Wifi amechomwa. Sindano ya hospitali, ndani ya robota la chupa. Kidole cha shahada, hapo hapo nilipokata. Mikono yangu hii!
Nesi wa zahanati kasema dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ianze kabla siku tatu hazijaisha. Ipo hospitali kuu tu, na wanataka barua ya mwajiri. Mapicha: barua baada ya wageni, sasa hivi hataki kusikia ajali. Wifi kaniomba kaka asijue. Kaka ana wivu, nani asiyemjua.

Jumatano, 12 Machi
Nimemfuata Mapicha mara tatu. Mara yuko kikaoni, mara ametoka. Ukutani wamebandika TUNAJALI WATU. Shenzi. Wifi hali chakula. Kaka anamtania eti ana mimba. Nimetoka nje nikalia.

Alhamisi, 13 Machi
Mgeni, mama mpole, kaokota glavu. Mbona hazina ncha? Mapicha akanitazama, akagusa bahasha mfukoni mwa shati. Nikaelewa: barua ya wifi imo humo. Tumekata wenyewe, mama, ubishi wetu tu. Kuna aliyeumia? Hakuna, nikasema. Hakuna! Akaandika.
Saa nane wifi akapewa barua na gari la kampuni. Mapicha akampiga picha akipanda.
Sasa tuko hospitali, kwenye benchi. Kaka amefika, dereva wa gari ni jirani yetu, kampigia simu. Nesi wa hapa akaisoma barua kwa sauti: huyu alichomwa na sindano nyumbani kwake, kampuni inamsaidia katika kutimiza wajibu wake kwa jamii.
Nyumbani! Mwanaharamu yule!
Nesi akauliza nyumbani nani anatumia sindano. Kaka akasema hata yeye angependa kumjua. Nesi akatutoa nje tuelewane kwanza.
Nimemwambia kaka ni kazini, naapa, nilikuwepo. Akasema dereva alikuwa na wageni, alinisikia mwenyewe. Asubuhi ulisema hakuna aliyeumia, sasa unasema ni kazini. Nimwamini yupi, dada yangu wa asubuhi au wa sasa?
Wifi ananivuta nguo: wifi, mwambie. Nimeshamwambia!
Dirisha la dawa linafungwa saa kumi. Siku tatu zinaisha kesho asubuhi. Nesi anamwita wifi mara ya pili. Kaka amesimama mlangoni, mikono kifuani, anasema haingii mtu mpaka jina la mwenye sindano litajwe —