Kichupa cha Mke Mwenzangu Kimenitia Ukungu Jichoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamfikisha mke mwenzangu, Mwanakheri, kwa balozi wa nyumba kumi, maana naona anataka kunipofusha. Wiki tatu zilizopita nilikuwa napalilia, jani la muhindi likanichoma jicho, likawa jekundu, linatoa machozi, na Mwanakheri, ambaye hata chumvi huninyima, akaja mwenyewe na kichupa cha matone alichopewa zahanati kwa ajili ya sikio lake, akasema, "Tia tu, mwenzangu, imeandikwa ya macho na masikio." Nikatia, siku ya pili wekundu ukapungua, nikafurahi, nikaendelea kila siku, lakini sasa kuna doa jeupe kwenye mboni, naona ukungu, mwanga unaniumiza, na nilipomwuliza mbona sikio lake limepona akanijibu, "Mimi niliambiwa siku tano, nikaacha. Wewe nani kakutuma uendelee?" Sikumwamini. Mume wetu, Mwinjuma, yuko kazini Kibaha, nami nimeacha kula chakula cha mwanamke huyo, na kichupa nimekificha kiwe ushahidi, ingawa bado natia kidogo kidogo. Je, kuna sumu humo?

Biasha, Kurui, Kisarawe
Mei 1979

Bi Biasha, pole sana kwa maumivu, lakini umenishangaza. Unashuku kichupa kina sumu, na bado unakitia jichoni!

Sioni sumu katika habari yako. Matone ya namna hiyo huchanganya dawa mbili: moja huua vijidudu, nyingine hutuliza uvimbe na wekundu. Hiyo ya pili ni ya hatari kwa jicho lililochomwa na jani. Wekundu unaondoka, unadhani umepona, kumbe kidonda kinachimba chini kwa chini. Tena ncha ya kichupa huenda iligusa sikio lenye usaha. Kuandikwa "macho na masikio" si ruhusa ya kila jicho. Daktari hulitazama kwanza, kisha husema utie siku ngapi.

Mwanakheri alikosea kukuazima dawa aliyopewa yeye, na hizo siku tano angekutajia mapema. Lakini anayetaka kukupofusha hakugombezi kwa kuendelea kutia.

Acha matone hayo sasa. Usitie maji ya majani wala maziwa. Kichupa kipeleke hospitali, si kwa balozi, na uende leo hii, kwani jicho lenye doa jeupe halingoji kikao. Na kwa kuwa huoni vizuri njiani, mwambie Mwanakheri akushike mkono.