Siku Saba za Maji ya Baraka

Adama, 2 Tahsas

Baba mpendwa,
Umeamkaje, na kifua kimeamkaje? Mimi mzima, Mungu ashukuriwe. Simu za huko bado zimekatwa, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi. Hospitali yetu imepata chanjo ya nimonia ya watu wazima, nami nimekuwekea yako. Mwenye kisukari na pumu kama wewe, nimonia ikimwingia haimpi nafasi. Mwaka huu nimewafunika shuka la mwisho watu wanne wa rika lako. Njoo Jumatatu.
Mwanao, Asnakech

Ankober, 5 Tahsas

Mwanangu,
Umeamkaje? Huku baridi ya mwezi huu wa Tahsas inauma, ila blanketi lipo. Jumatatu siwezi. Jana nilianza nadhiri ya siku saba za maji ya baraka, kila alfajiri kwenye chemchemi ya Mtakatifu Mikaeli, na aliye kwenye maji hachanganyi na sindano. Usinune. Nimonia si ile ya watoto wachanga? Mimi nina mvi hadi masikioni. Nikimaliza, nichome hata kumi.
Baba yako

Adama, 8 Tahsas

Baba,
Nimemuuliza padri wetu. Kasema aliyetupa maji ndiye aliyetupa dawa. Muulize na padri wa huko, Abba Gebreyes. Insulini hujaiacha, sivyo? Naogopa, baba, nakwambia wazi.
Mwanao

Ankober, 13 Tahsas

Mwanangu,
U mzima? Abba Gebreyes naye kasema hivyo hivyo, na kaniamuru nishuke kwako. Lakini siku ya sita kikohozi kilinianza, nikajua maji yameanza kutoa kilichojificha, basi nikaongeza siku saba nyingine. Abba sijamwambia habari ya kikohozi, angenifukuza chemchemini. Insulini nimeiweka kando kwanza. Ubavu unachoma kidogo, na chakula anacholeta jirani yetu Yeshi hakishuki. Nakuja tarehe 19 kwa basi la asubuhi.
Baba yako

Adama, 15 Tahsas

Baba,
Hicho hakitoki, kinaingia. Chanjo haifai tena, unahitaji matibabu. Ukisoma hii, vijana wakubebe hadi hospitali ya Debre Berhan leo hii. Nadhiri yako nitaimalizia mimi.
Mwanao

Ankober, 17 Tahsas

Mwanangu,
Umeona? Nimemaliza. Kikohozi kimekoma chenyewe, homa imeshuka, mwili umepoa kabisa. Nina usingizi tu. Mwandiko huu ni wa Yeshi, maana vidole vyangu havishiki kalamu, na kucha zimekuwa za buluu. Baridi ya huku unaijua. Hospitali ya nini sasa? Nitunzie chanjo yangu.
Baba yako

Adama, 18 Tahsas

Baba,
Nimesoma habari ya kucha, hiyo si baridi, ni hewa inayokosekana mwilini, nikavua sare katikati ya zamu. Basi ni kesho alfajiri. Barua hii naitanguliza kwa lori la nafaka. Sikununii, sikiliza, sikununii hata kidogo. Yeshi akikusomea, sema neno moja, lolote, aliandike ampe dereva wa basi la kushuka. Tutapishana Debre Berhan, nitamsimamisha.
Mwanao

Ankober, 19 Tahsas

Ndugu yangu Asnakech,
Umeamkaje? Nimemsomea barua yako mara mbili, hakujibu. Abba Gebreyes amefika, na majirani wanafunga turubai uani. Njoo.
Dada yako, Yeshi