Kisahani Kisichotiwa Kitu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, zimejaa mapenzi. U hali gani, na ile mashine ya kusafishia damu inakutendeaje? Wifi aliniambia kwa simu kwamba miguu imevimba tena, ila unavumilia kwa kuwa unahesabu siku: wiki tatu tu nije nipimwe, kisha unipokonye figo niliyokuahidi. Mimi mwili hauniumi popote, lakini moyo hautulii.

Kazi yetu maabara unaijua, ingawa hupenda kunitania kwamba nalipwa kwa kuchungulia. Tunatoa seli za kinga kwenye damu, tunaziweka kwenye visahani, tunazitia virusi vya UKIMWI, tunatazama zipi zinaingiliwa. Ajabu ni kwamba hazifanani, hata zikiwa za mtu mmoja. Zilizochangamka huvamiwa upesi. Zilizotulia ni ngumu kupenyeka, na chache hukaa na kirusi kimyakimya miaka na miaka, mpaka ziamshwe. Sisi huziamsha kwanza kwa dawa.

Damu tunajitolea wenyewe, kwa namba, bila majina. Na kila damu ina kisahani kimoja kisichotiwa kirusi, cha kulinganishia.

Basi siku kumi na moja zilizopita, kisahani hicho cha namba nne kilikutwa na virusi. Loo, mkuu wetu alivyofoka! Akasema kuna mzembe aliyechanganya, na macho yote yakamwendea Chapchap, mwenzangu mwenye haraka ya kila kitu. Maskini akaapa kwamba hakugusa. Tukarudia kazi yote, mkuu kasimama nyuma yetu. Virusi vikaonekana tena, namba nne ileile. Chapchap akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Nami nikawa nafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Kaka, namba nne ni mimi.

Kabla ya kujitolea lazima kila mtu apimwe, na mpimaji ndiye mimi. Wenzangu niliwapima wote. Yangu nikaona ya nini kupoteza muda, nikaandika "salama" kwa majibu ya miaka miwili nyuma. Waliosema mganga hajigangi walinijua.

Juzi nilikwenda kliniki, wakanipima mara mbili. Virusi ninavyo. Dawa nimeanza, na nitaishi, kwa hiyo usinililie. Kwa mkuu nimeshasema. Chapchap amerudi kazini, ila hanisemeshi. Lakini figo siwezi kukupa tena. Na siku zote hizi nilizokwambia nimebanwa na kazi, sikubanwa na lolote. Niliogopa. Nimekupotezea siku kumi na moja ambazo wewe huna za kupoteza. Nisamehe, kaka yangu. Mwambie wifi aanze kuwauliza ndugu wengine leo hii, asingoje hasira zako ziishe.

Nibusie watoto. Waambie shangazi yao atakuja siku ileile tuliyopanga, ingawa anakuja mikono mitupu.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere, jina ulilonipa mwenyewe