Mlango wa Mwaitu Hauna Komeo

Hoteli ya Mbinya,
Barabara ya Garissa,
Mwingi.
16 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Musyimi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye vumbi la Mwingi. U mzima huko Doha? Mgongo umepoa, au bado wanakusimamisha kutwa? Mimi sina homa wala kikohozi, ila nimefungwa, na jela yangu haina hata komeo.

Unajua Mwaitu, mama yetu, alivyoanza: sufuria moja ya mahindi ya muthokoi na birika la chai kando ya barabara, wewe ukiwa mgongoni mwake. Ameacha ghorofa mbili na vyumba ishirini, na madereva wa malori mpaka leo humwita mama. Fundi alipoleta mlango wa mbele, Mwaitu alimwamuru ang'oe kitasa na komeo, ili aliyeharibikiwa na gari asikute amefungiwa nje. Hata siku aliyokufa tulitaka kufunga tukakosa namna. Tulilia huku wageni wakiagiza chai.

Ulinyimwa ruhusa ya kuja mazishini, kwa hiyo hukusikia kosa langu. Baba mdogo Kitonga alisimama kanisani akasema, "Hoteli ya mwanamke imekufa na mwanamke. Tuuze." Nikanyakua kipaza sauti. Mimi niliyewajibu wabunge kwa barua zangu magazetini, ninyamazishwe na Kitonga? Nikaapa mbele ya jeneza: "Mlango ule hautafungwa nikiwa hai!" Kanisa zima likapiga makofi. Nilishinda, Musyimi, na tangu siku hiyo sijatoka.

Mume wangu Kyule anajipikia Kibwezi tangu Agosti. Likizo niliyopewa inaisha shule zikifunguliwa Januari. Nisiporudi, nafasi yangu inapewa mwingine. Nimefundisha miaka ishirini na mitatu.

Wiki jana nilinunua komeo. Fundi Mwau alikuwa anapima mlango, Muktar akaweka kikombe chini. Ni yule mfanyabiashara wa mbuzi. Mwaitu aliwatengea yeye na Waislamu wenzake jiko la halali ili wale bila wasiwasi.

"Mwalimu, unafunga nini?"

"Mlango wangu."

"Wako? Si ulituapia mbele ya maiti? Basi ungemwachia mzee Kitonga kipaza sauti!"

Hoteli nzima ikacheka. Mwau akakusanya vyombo vyake, eti hataki laana ya mama wa watu. Nami, nikiwa na hasira zangu zote, nikamwongezea Muktar chai.

Sasa nakugeukia wewe. Chuo chako cha hoteli kililipwa na sufuria ile. Leo unawafungulia milango wageni wa tajiri asiyejua jina lako, umevaa kofia, unainama! Nani kwetu alikufundisha kuinama? Usinitumie pole wala zawadi. Njoo mwenyewe kabla ya Januari. Wewe hukuapa lolote: ukiipenda kazi hii utakaa, ukichoka utaondoka. Mimi siwezi kuipenda, na kuondoka siwezi.

Shangazi Kanini na mumewe Musembi wanakusalimu sana. Muktar naye anauliza kama bado unaogopa mbuzi. Mungu wa Mwaitu akulinde na akulainishie njia.

Komeo liko kwenye droo, halijatolewa hata kwenye karatasi yake. Ukifika usibishe hodi, sukuma tu. Utanikuta kaunta, na mfuko wangu wa Kibwezi uko tayari miguuni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Wayua