Karatasi Uliyoibandua Chimala

Chimala,
Mbeya.
9 Oktoba, 1973

Mpendwa mwanangu Seni,

Pokea salamu zangu na za mama yako mkubwa. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu linalonisumbua kila niinukapo. Je, wewe hujambo? Mkeo Juliana ameizoea baridi ya Iringa? Mtoto ameanza kusimama? Huku mvua bado, ila mashamba ya mpunga tumekwisha kuyasafisha.

Sasa nisikilize vizuri. Nakuandikia juu ya gazeti la ukutani la kikundi chetu cha kusikiliza redio, ambacho wewe ulikuwa katibu wake hadi ulipohamishwa kikazi. Uliandika pale kwamba watoto wanahara kwa sababu ya maziwa ya nyumbani kwa Nkuba. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, ukawasomea wanakikundi kwa sauti, maana wengi wao hawajajua kusoma.

Bwana Afya alipopima na kusema kwamba ubaya umo katika maji ya mfereji, uliibandua karatasi ile ukabandika nyingine, inayohimiza kuchemsha maji. Nimeisoma. Haina kosa la uandishi hata moja. Wala haina jina la Nkuba, wala haisemi kwamba ulikosea. Kesho yake ukapanda basi.

Mwanangu, karatasi uliiondoa ukutani, lakini watu hawakuyapata maneno yale ukutani. Waliyapata kinywani mwako.

Leokadia, mke wa Nkuba, sasa anarudi kutoka sokoni na vibuyu vimejaa vilevile, anawamiminia mbwa maziwa. Juzi mwanamke mmoja alifunika kikombe kwa kiganja, akamwambia mbele ya watu, “Dada, sisi watoto wetu bado tunawahitaji.” Wanawe hawaitwi tena kucheza. Nkuba amekwisha kumwomba ndugu yake wa Ruaha Mbuyuni mahali pa kuweka ng’ombe, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ataiacha.

Jumapili iliyopita nilisimama kikundini nikaeleza yote. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipoketi, mzee Andendekisye akaniuliza taratibu, “Mwalimu, wewe na Nkuba ni ukoo mmoja. Aliyetuambia ni Seni. Kama alikosea, mbona yeye mwenyewe hajasema?”

Swali hilo nakuletea wewe.

Najua unaogopa kuchekwa. Utachekwa. Danieli wa mashine ya kukoboa amekwisha kukupa cheo cha Katibu wa Kuhara, na cheo hicho sidhani kama utakivua upesi. Kivumilie. Sikulaumu kwa kukosea. Uliona watoto wanaumwa ukataka kuwasaidia. Nakulaumu kwa kuujua ukweli, ukaupitisha kimyakimya kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Nimemwomba Nkuba asiondoe ng’ombe kabla ya Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Amekubali kwa kunionea haya tu. Vijana wake wamekwisha kufunga mizigo. Siku hiyo kikundi kitakutana baada ya ibada. Utasimama mbele yao, utamtaja Nkuba kwa jina, utamtaja na Leokadia, na utasema ulichokosea. Mimi sitakusaidia hata neno moja.

Barua hii anakuletea Jailos, dereva wa lori. Jumamosi ya tarehe ishirini atapita tena Iringa akija huku, na nafasi amekuwekea. Usimpe barua aniletee. Barua yako nitaisoma mimi, nao watasikia sauti yangu. Njoo wewe.

Nisalimie Juliana, umpakate mtoto kwa niaba yangu, na mzee Kalinga mwenye nyumba umwambie namkumbuka. Mungu akulinde njiani, na ukifika akufungue kinywa.

Wako akupendaye hata anapokukemea,

Baba yako mkubwa,
Mwalimu Budeba